Wacheni Kusema Mwanamke wa Nyeri ni Chuma

Nianze na kosa langu, ndio msiniambie baadaye nilijificha. Kuna klipu yangu ya Julai mwaka jana, ile ya mwiko. Wengi mnaikumbuka. Mimi nimevaa kitambaa cha kichwa na sweta ya mathe, nimeshika mwiko wa ugali, na beshte yangu anatoroka kupitia dirisha la jikoni kwa sababu ameleta nyumbani elfu mbili badala ya tatu. Mwanamke wa Nyeri, mume mbio. Mlicheka, mkaisambaza kwa magrupu ya familia, hata kuna mwalimu wangu wa shule ya msingi alinitumia akidhani ni ya mtu mwingine.

Tulirekodi kwa tata yangu hapa Kiganjo. Kwa wale si wa huku, tata ni shangazi, na huyu wangu ni dada ya mama. Jiko lake lina mwanga mzuri saa za mchana na lina ule moshi wa kuni unaofanya picha ikae kama filamu. Ukiangalia vizuri, kwa sekunde chache katikati ya klipu, utamwona yuko nyuma amekaa kwa kigoda. Hacheki. Ameshika taya, upande wa kushoto, na mkono mwingine ameuweka juu ya tumbo. Mimi nilipokuwa nahariri nilimwona, nikafikiria ni jino. Nikaacha, kwa sababu sura yake ya kukunja uso ilikuwa inaongeza kichekesho. Alikaa kama mwanamke mkali.

Alikuwa anapata mshtuko wa moyo. Mbele ya kamera yangu. Nikaposti.

Sasa mkitaka kunitusi mnaruhusiwa, lakini mkimaliza mniskize, kwa sababu nimekuja kugombana. Nagombana na mimi mwenyewe kwanza, halafu na kila mtu anayekula pesa ya huu utani, halafu na wale waliovaa koti jeupe wakamwambia ni alsa.

Ilikuwa hivi. Tata ana miaka 53. Ana ng'ombe wa maziwa, ni mweka hazina wa chama, na kanisani anaimba sauti ya chini kuliko wanaume wengine. Wiki kama tatu kabla ya hiyo siku alianza kulalamika kuchoka. Sio kuchoka kwa kazi, alisema, hii ni kuchoka kwa mifupa, kama mtu amemwagiwa saruji. Usiku halali. Akipanda kile kilima cha kutoka barabarani na mtungi anasimama mara mbili, na hajawahi kusimama hapo tangu nimfahamu. Sisi tukafanya nini? Tukamtania. Tulimwambia amezeeka, atafute mashine ya kukamua. Mimi ndio nilisema hiyo ya mashine.

Siku yenyewe aliamka saa kumi na moja kukamua. Mnajua baridi ya hapa Julai, ile ya gathano, ukungu mpaka huoni mkono wako. Katikati ya kukamua akaanza kutoka jasho. Jasho baridi, nguo ikashika mgongo. Ilikuwa kama saa kumi na mbili. Kukawa na kitu kinamkaza katikati ya mabega, nyuma, halafu kikapanda kwa shingo na taya. Akatapika kando ya zizi. Mnataka kujua alifanya nini baadaye? Alimaliza kukamua. Ng'ombe hawezi kuachwa nusu, atashikwa na uvimbe wa kiwele. Akapeleka maziwa. Kisha ndio akapanda boda akaenda kliniki.

Kliniki sitaitaja. Iko mtaani, iko kama zile zingine zote. Akaulizwa inauma wapi, akaonyesha hapa juu ya tumbo na huku nyuma. Akaulizwa amekula nini, akasema githeri ya jana. Kesi ikaisha. Alsa. Walimpima presha ikawa 170 juu ya 100, wakamwambia ni wasiwasi, mama apunguze mawazo. Akachomwa sindano ya maumivu, akapewa poda ya kuchemka kwa glasi na vidonge vya asidi, akarudi nyumbani. Alitukuta tunapanga kamera. Tulimuuliza kama tunaweza kutumia jikoni. Alisema, "Tumieni tu, mimi nitakaa hapa nyuma."

Saa saba usiku alishindwa kupumua akiwa amelala. Jirani alitoa Probox yake. Hospitali kubwa mjini walimpima umeme wa moyo kwa dakika chache, wakamtoa damu, na daktari akamwita mama pembeni. Kutoka ile saa kumi na mbili ya asubuhi kwa zizi mpaka hapo ilikuwa imepita masaa kumi na tisa. Alipona. Lakini nitawaambia kupona kwa aina hiyo kunakaaje.

Kwanza tuongee juu ya chuma.

Huu utani wa mwanamke wa Nyeri sio wetu peke yetu, Kenya nzima wanaula. Anapiga mume, anabeba gunia, anachimba shamba na mimba ya miezi minane, haogopi kitu. Wanasiasa wanautumia, watangazaji wa redio wanautumia, sisi watengeneza kontenti ndio tumeugeuza kuwa unga wa kila siku. Mtu akilalamika tunasema ni mapenzi, tunawasifu. Manze, si sifa. Ukiambia mtu miaka hamsini kwamba yeye ni chuma, siku chuma kinapata ufa hana lugha ya kukuambia. Atasema "ni kamgongo tu." Tata alisema hivyo. Baadaye nimeongea na wamama wengine wa chama chake, na hiyo "ka" iko kila mahali. Kamgongo, kakichwa, kapresha. Mtu anabeba kifo na anakipunguza kwa kiambishi ndio asisumbue watu.

Na sio wanawake tu. Hii nchi inapenda mtu anayevumilia. Hapa Kiganjo tuna chuo cha polisi, na Kipchoge Keino mwenyewe alikuwa mwalimu wa mazoezi hapo. Tangu tukiwa watoto tumeambiwa ile hadithi ya Mexico 1968, vile alikuwa anaumwa na kibofu cha nyongo, akaanguka kwenye mita 10,000, na bado akarudi akashinda dhahabu ya mita 1,500. Ni hadithi tamu na ni ya kweli. Lakini angalia vile tunaitumia. Hakuna mwalimu aliwahi kutuambia kwamba nyongo ikiuma unaweza kukimbia, moyo ukikosa damu unakufa vipande vipande kila dakika unayojikaza. Tulipewa tu sehemu ya kujikaza.

Halafu kuna hili neno. Mshtuko. Mimi naongea Kiswahili kila siku kwa kazi na sikuwahi kulifikiria. Mshtuko ni kushtuka. Mtu ameletewa habari mbaya, mtoto ameanguka mtihani, benki imekuja kuchukua shamba, moyo unashtuka, anaanguka. Ndio picha iko kwa vichwa vyetu. Kwa hivyo kama hakuna habari mbaya, na mtu hajaanguka, hatuoni mshtuko. Kumbe kinachotokea hakina drama yoyote. Moyo ni msuli, na una mishipa yake midogo ya kuulisha. Kwa miaka na miaka mafuta yanajikusanya kwa ukuta wa mshipa, siku moja hiyo gamba linapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba. Sehemu ya msuli iliyokuwa inalishwa na huo mshipa inaanza kufa. Unaweza kuwa unakamua. Unaweza kuwa unapika chapati. Moyo kusimama kabisa na mtu kuanguka ni kitu kingine, kinaweza kufuata, lakini si hicho. Wengi wanatembea na mshtuko wa moyo masaa mengi, wakiongea, wakijibu simu.

Na hapa ndio filamu zimetuharibu. Fikiria mshtuko wa moyo wowote umeuona kwa skrini. Mzee. Kitambi, kiti cha ngozi. Anapokea simu, anashika kifua upande wa kushoto, macho yanatoka, glasi inaanguka. Sinema za Naijeria, drama za Mexico zilizotafsiriwa, vichekesho vyetu, hata yangu moja ya mzee anayesikia mahari ya binti yake imepunguzwa. Sijawahi kuona mama wa miaka 53 jikoni anayesema hajiskii vizuri, halafu filamu ikamwamini.

Wacha niseme vizuri hapa kwa sababu kuna upotoshaji wa aina mbili. Wengine wanasema wanawake hawaumwi kifua. Si kweli. Hata kwa wanawake, kifua ndio dalili inayoripotiwa zaidi. Shida ni kwamba mara nyingi hawaiiti maumivu. Wanasema kuna kitu kinanikaza, kuna uzito, kama kiungulia, kama sidiria imebana. Ukimuuliza "kifua kinauma?" atakuambia hapana, kwa ukweli kabisa. Na juu ya hicho kifua, wanawake kuliko wanaume wanaleta mzigo mwingine: pumzi kukatika, kichefuchefu au kutapika, jasho baridi, maumivu katikati ya mabega, kwa shingo, kwa taya, kwa mkono wowote, kizunguzungu, na uchovu ambao haufanani na kazi uliyofanya. Kuna wanaopata hivi vyote bila kifua kabisa. Mtu wa kisukari unaweza kukuta neva zake zimeharibika kiasi kwamba haskii chochote kikali.

Mwaka wa 2003 kulichapishwa utafiti wa Marekani ulioongozwa na nesi msomi anaitwa Jean McSweeney. Waliuliza wanawake 515 waliopona mshtuko wa moyo. 95 kwa kila 100 walisema walikuwa na dalili mpya mwezi mmoja na zaidi kabla. Dalili ya kwanza kwa wingi haikuwa kifua. Ilikuwa uchovu usio wa kawaida, zaidi ya asilimia 70. Ya pili ilikuwa kukosa usingizi, karibu nusu yao. Na wakati wa mshtuko wenyewe, 43 kwa kila 100 hawakuwa na maumivu ya kifua. Najua ni wanawake waliokumbuka baada ya tukio, na mtu akikumbuka nyuma huona ishara kila mahali. Hata hivyo nilisoma hiyo orodha nikiwa kwa benchi ya hospitali na ilikuwa kama mtu amekuja Kiganjo akamfuata tata wiki tatu na kalamu. Kuchoka, kutolala, pumzi kwa kilima.

Kuna mwingine, daktari Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani. Mwaka wa 1991 aliandika kwamba mwanamke lazima kwanza aonyeshe moyo wake umeharibika kama wa mwanaume ndio atibiwe kama mwanaume. Akaupatia huo ugonjwa wa madaktari jina la Yentl, msichana wa hadithi aliyevaa nguo za kiume ndio aruhusiwe kusoma. Hiyo ilinikaa kooni. Yentl alivaa kama mwanaume ndio aheshimiwe. Mimi navaa kama mwanamke ndio nichekwe.

Sasa najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeishi na nyinyi. Ooh, na mtoto wa kiume je? Huku Mlima Kenya wanaume wanaisha kwa pombe, wewe unaleta mambo ya wamama. Buda, hakuna mtu amesema wanaume hawafi. Wanaume wanapata mshtuko wa kwanza mapema, kwa wastani kama miaka tisa kabla ya wanawake. Hiyo inatoka kwa utafiti mkubwa wa INTERHEART uliochapishwa 2004, nchi 52, Afrika ikiwa ndani. Lakini miaka tisa si kinga, ni foleni. Na utafiti huo huo ulisema kwamba mambo tisa tu ya kupimika na kubadilika, presha, kisukari, mafuta ya damu, sigara, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, kutofanya mazoezi na namna mtu anavyokunywa pombe, yanaeleza asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Kwa hivyo ukinipimia mathe presha sijamnyang'anya babako chochote. Wapimeni wote wawili. Mbona hii inakuwa mechi?

Wengine mtasema haya ni magonjwa ya wazungu na matajiri. Serikali yenyewe haikuona hivyo. Desemba 2018 walipoanza majaribio ya afya kwa wote walichagua kaunti nne, Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri, na sisi Nyeri tulichaguliwa kwa sababu ya magonjwa haya haya yasiyoambukiza, presha na sukari. Tuliwekwa kwa orodha ya nchi kwa hii kitu, na bado mtu anaenda kliniki na 170 juu ya 100, jasho, kutapika na mgongo, anaambiwa apunguze mawazo. Ule uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uligundua zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.  Kipimo cha tata cha siku hiyo kilimwambia ukweli, na aliyekisoma akakipuuza.

Na moshi, tuusemee kidogo. Ule moshi nilioupenda kwa kamera. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majiko ya nyumbani uliua kama watu milioni 3.2 mwaka wa 2020, na karibu thuluthi yao walikufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, si mapafu. Mimi nilidhani ni kikohozi tu na macho mekundu. Tata hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amevuta jiko miaka arobaini.

Kuna kingine wanawake hawaambiwi. Kama ulipata presha ya mimba au kifafa cha mimba, hatari ya moyo inabaki juu hata mtoto akishakuwa na watoto wake. Tata alikuwa nayo kwa kifungua mimba. Alipotoka wodi ya uzazi, hiyo habari iliachwa pale na kadi ya kliniki. Hakuna mtu amemuuliza tena mpaka daktari wa moyo, miaka thelathini baadaye.

Sitaki kuwalaumu wahudumu wote wa kliniki, najua wako wangapi na wanaona wangapi. Najua pia kwamba kiungulia ni kingi kuliko mshtuko wa moyo, na mara nyingi ukisema alsa unakuwa sawa. Hapo ndipo mtego uko. Lakini skizeni. Mwanamke wa miaka 53, presha 170, ametoka jasho kwa baridi ya Julai, ametapika, anaumwa na mgongo na taya. Kama angekuwa mzee wa kitambi ameshika kifua, mngempeleka wapi? Mngetafuta gari. Kipimo cha ECG hakiumi, hakitoi damu, kinachukua dakika chache. Na hata kikitoka kizuri mara ya kwanza, kinarudiwa, na damu inapimwa troponini, kwa sababu karatasi moja inaweza kudanganya. Kama hamna mashine, semeni hamna, muandike barua ya kumpeleka mjini. Kusema "sijui, nenda mbele" ni dawa. "Ni alsa" ilimnyima tata masaa kumi na tisa.

Haya masaa yana maana. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zinafanya kazi vizuri zaidi kwa saa za mwanzo, na baada ya saa kumi na mbili hazina faida ya maana tena. Njia nyingine ni kufungua mshipa kwa waya na kuuwekea kijibomba, na madaktari wa moyo wanasema kama hiyo haiwezekani ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, basi dawa ya kuyeyusha itangulie. Sasa piga hesabu ya hapa. Nyeri mpaka Nairobi ni kama kilomita 150. Toa msongamano wa Thika Road kama unaweza. Mtu wa Kiganjo, wa Narumoru, wa Mukurwe-ini, hana anasa ya kusema "tutampeleka Nairobi kesho." Kwa hivyo nina swali kwa wale MCA mnaopenda kuonekana kwa klipu zangu wakati wa kampeni: ni vituo gani kwa wadi yako vina ECG inayofanya kazi, na usiku iko nani wa kuisoma? Sitaki salamu. Nataka orodha.

Na nyinyi nyumbani, msingoje orodha. Mama akianza kukazwa kifua, au mgongo na taya, na jasho baridi, na pumzi, ikipita dakika chache haijaisha, hiyo si saa ya chai ya tangawizi. Akae, asitembee, asipande boda peke yake kama tata. Tafuteni gari au ambulensi, na mwende mahali penye ECG hata kama mtapita kliniki tatu njiani. Kama hana mzio wa aspirini na hatoki damu mahali, mwenye ujuzi kwa simu au kituoni atawaambia atafune aspirini, kutafuna, si kumeza nzima. Na mkifika msimwachie yeye kuongea, kwa sababu atasema ni kamgongo. Semeni nyinyi: tunaogopa ni moyo, mpimeni ECG. Semeni hivyo hivyo. Mkichekwa, chekeni nao, lakini msitoke.

Nilisema nitawaambia kupona kunakaaje. Sehemu ya msuli wa moyo wake imekufa na hairudi, kwa hivyo ile iliyobaki inafanya kazi ya zote. Anameza vidonge asubuhi na jioni, kimoja cha kutoa maji, ambacho kinamfanya akatae kusafiri na matatu. Miguu inavimba akisahau. Analala na mito mitatu. Ng'ombe wawili waliuzwa, bima ililipa sehemu na harambee ikalipa nyingine, na wa tatu anakamuliwa na mimi, vibaya, anasema yeye. Chumvi amekatazwa, na hiyo ndiyo inamuuma kuliko zote. Kwaya ameacha. Sio kwamba hawezi kuimba, hawezi kumaliza mstari.

Nilipomwonyesha ile klipu, zile sekunde chache, nilikuwa nalia na yeye hakulia. Aliangalia mara mbili. Akasema, "Hiyo sufuria nyuma yangu ni chafu, mbona hukuniambia?" Halafu akanyamaza kidogo akaniuliza kama nilipata pesa nayo. Nikamwambia ndio, kidogo. Akasema nimletee nusu.

Nilimletea yote. Nimefuta klipu, najua iko kwa simu zenu na siwezi kuitoa huko. Kitambaa na sweta bado ninavyo, na siwezi kuwadanganya kwamba nitaacha kuchekesha, ndio kazi yangu. Lakini natengeneza nyingine. Mama wa miaka hamsini na kitu, jikoni, asubuhi, watoto wanapiga kelele, anasema anaskia tu kuchoka na mgongo unamkaza. Hakuna kushika kifua, hakuna glasi kuanguka. Na safari hii mtu mmoja kwa hiyo nyumba anaacha simu na kumwangalia. Tata amesoma maandishi yote na amekataa kuigiza, anasema ameshafanya hiyo mara moja bure. Kwa hivyo natafuta mama mwingine, kati ya Chaka na Nyeri mjini, anayejua kukamua. Nauli nalipa, na kabla ya kamera kuwaka kuna nesi atakuwa hapo na mashine ya presha, kwa yeyote atakayekuja.